RTX 3060 na RTX 4060: mpya ina mbio, ya zamani ina nafasi

Ukifunika majina ya kadi hizi mbili za grafiki na kumwachia mtu asome namba tu, anaweza kuapa kwamba RTX 4060 ndiyo iliyotangulia. Ina viini vya CUDA, yaani vitengo vidogo vya kufanya hesabu, 3072; RTX 3060 ina 3584. Memori yake ni gigabaiti 8, ya nyingine 12. Njia ya memori ni ya biti 128 dhidi ya 192, na data inayopita humo ni gigabaiti 272 kwa sekunde dhidi ya 360. Hata njia za kuiunganisha na ubao mama zimekatwa nusu, kutoka 16 hadi 8. Lakini 3060 ilitoka Februari 2021, 4060 ikafuata Juni 2023, na kwenye gemu nyingi hii yenye namba ndogo ndiyo inayoshinda.

Sababu ya kwanza ni chipu yenyewe. Ya 3060 ilitengenezwa na Samsung kwa teknolojia ya nanomita 8. Ya 4060 ilitengenezwa na TSMC, kampuni ya Taiwan, kwa teknolojia mpya zaidi, yenye transista ndogo zinazokwenda mbio bila kula umeme mwingi. Masafa ya juu yaliyotangazwa, yaani mapigo ya chipu kwa sekunde, ni gigahezi 1.78 kwa ya zamani na 2.46 kwa mpya. Zidisha viini kwa masafa, kisha kwa mbili kwa kuwa kila kiini hufanya hesabu mbili kwa mpigo, utapata takriban teraflopu (hesabu trilioni kwa sekunde) 12.7 upande mmoja na 15.1 upande wa pili. Anayelinganisha idadi ya viini vya vizazi viwili ni kama anayehesabu wapiga makasia bila kutazama wanavyopiga.

Sababu ya pili ni kashe, memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya chipu yenyewe. Ndani ya chipu ya 4060 kuna kashe ya ngazi ya pili ya megabaiti 24, wakati 3060 ina 3 tu. Gemu huirudia data ileile mara nyingi katika fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazofuatana kwenye skrini, kwa hiyo sehemu kubwa inapatikana humo humo na safari za kwenda kwenye memori zinapungua. Ndiyo hoja iliyotumiwa na NVIDIA, kampuni yenye kadi hizi, kuitetea njia nyembamba, na kwa skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) ina ukweli: kwa wastani 4060 huipita 3060 kwa karibu asilimia 20, huku kikomo chake cha umeme kikiwa wati 115 badala ya 170. Kwa anayecheza saa 3 kila siku na kadi zote mbili zikifika kikomo, pengo hilo ni kama kilowati-saa 60 kwa mwaka. Faida inayoonekana upesi zaidi ni joto na kelele za feni.

Hadi hapo kesi ingekuwa imekwisha. Ila kashe hupunguza safari za kwenda ghalani. Haiongezi ukubwa wa ghala lenyewe. Gemu ikihitaji zaidi ya gigabaiti 8, kinachozidi kinahamia kwenye RAM ya kompyuta na kuletwa kupitia ubao mama, na hapo ndipo zile njia 8 zinapouma. Kwenye ubao mama wa PCIe 4.0 (PCIe ndicho kiwango cha njia hizo) zinapitisha takriban gigabaiti 16 kwa sekunde. Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 zinabaki kama 8, wakati 3060 yenye njia 16 bado inapata 16 kwenye ubao huohuo. Kwa maneno mengine, kadi yenye memori ndogo ndiyo pia yenye mlango mwembamba wa kuagizia kilichokosekana, na mwenye kompyuta kuukuu, ambaye ndiye hasa hununua kadi za daraja hili, ndiye anayeumia zaidi.

Athari yake haionekani kwenye wastani wa fremu. Inaonekana pale picha inapokwama nusu sekunde unapogeuka ghafla, au ukuta unapobaki na ukungu kama umepakwa rangi kwa kidole. Toleo la kompyuta la The Last of Us Part I, lililotoka Machi 2023, liliwasumbua hivyo wenye kadi za gigabaiti 8 hadi marekebisho yalipokuja.

Nje ya gemu mizani inageuka kabisa. Chukua modeli ya lugha, programu ya akili bandia inayoandika maandishi, inayoendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ili kutoa kila neno, kadi inapaswa kusoma karibu modeli nzima kutoka kwenye memori, na megabaiti 24 za kashe hazisaidii kitu mbele ya faili la gigabaiti 5. Gawanya 360 kwa 5, halafu 272 kwa 5: dari ya 3060 ni vipande 72 vya maneno kwa sekunde, ya 4060 ni 54. Ya zamani inashinda hata kwa modeli inayoenea kwenye kadi zote mbili. Modeli ya parameta (namba zake za ndani) bilioni 14, kila moja ikiwa imebanwa hadi biti 4, huchukua takriban gigabaiti 9, na hiyo kwenye 4060 haienei.

Wanaoitetea 4060 watataja DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA inayobuni fremu za katikati, na 3060 haina hiyo. Ni kweli, na kwa gemu ambayo tayari inakwenda vizuri inapendeza macho. Lakini fremu ya kubuniwa haiharakishi mwitikio wa kipanya, tena yenyewe inakula memori, kitu ambacho kadi hii haina cha kugawa. Hoja nzito zaidi kwangu ni kurekodi video: 4060 inaweza kusimba kwa AV1, mfumo wa kubana video, 3060 inaweza kuisoma tu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Anayecheza gemu za mashindano kwa 1080p, au mwenye boksi dogo la kompyuta lisilopitisha hewa vizuri, achukue 4060 bila wasiwasi. Mimi ningebaki na 3060, kwa sababu gemu ikienda polepole naweza kushusha ubora wa picha, lakini modeli isiyoenea haina kitufe cha kushusha kisichoiharibu.

Mtego mmoja tu: mwishoni mwa 2022 lilitoka toleo la 3060 lenye gigabaiti 8, njia ya biti 128 na mwendo wa gigabaiti 240 kwa sekunde. Jina ni lilelile, na karibu kila nilichoisifia 3060 hapa hakimo ndani yake.