Ukitaka Kulala Mlima Elgon, Anza kwa Kuuliza Mvua

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, makundi ya WhatsApp hapa Kisumu huanza kujaa mipango ya safari ya Mlima Elgon. Mmoja hutuma picha ya hema lililosimikwa kando ya mto, mwingine huuliza mchango ni pesa ngapi, wa tatu huahidi kuleta mbuzi, na kabla ya jioni tarehe huwa imekwisha kupatikana: wiki ya Pasaka, au wikendi ya kwanza ya Agosti. Mbuzi sina neno naye. Neno langu liko kwa tarehe, kwa sababu naamini kwamba safari ya kulala mlimani hupangwa kwa kufuata mvua na mito kwanza, kisha mengine yote, likizo za watoto zikiwemo, yakatafutiwa nafasi ndani ya mpango huo.

Tumezoea kuhesabu majira kana kwamba nchi nzima ina anga moja: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati pakavu. Hesabu hiyo inawafaa watu wa Nairobi, ambao Agosti yao ni ya mawingu na baridi bila mvua ya maana. Huku kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, chini ya Elgon, mambo ni tofauti. Mvua inayoanza Machi au Aprili huendelea hadi Septemba na zaidi, na Agosti ni miongoni mwa miezi inayolowa sana. Mkulima wa mahindi wa Kitale hahitaji kuambiwa haya na simu yake, kwani hupanda mara moja mvua zinapoanza na huvuna kuanzia Oktoba, na zao lake hukaa shambani muda huo wote kwa kuwa mvua haikatiki. Maana yake ni kwamba likizo mbili kati ya tatu za mwaka wa shule, ya Aprili na ya Agosti, huangukia katikati ya maji. Kiangazi cha mlimani ni Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na hapo ndipo safari inapopaswa kuwekwa.

Wanaonipinga husema mvua ni mvua tu, mtu abebe koti. Koti halijibu swali la mto. Elgon ni volkano ya kale yenye kitako kipana mno, na kilele chake cha upande wa Kenya, Koitoboss, kina mita 4,222. Mto Suam hutoka ndani ya kasoko yenyewe, yaani shimo kubwa lililo juu ya volkano, ukapita mpakani mwa Kenya na Uganda, ukageuka kuwa Turkwel na kwenda kumwaga maji yake Ziwa Turkana, ilhali mito ya miteremko ya kusini, kama Kuywa, huingia Mto Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Mvua inayonyesha juu kule saa tisa alasiri inaweza kukufikia wewe uliye chini usiku, wakati anga iliyo juu ya hema lako imejaa nyota na kila mtu amekwisha kulala. Kaunti ya Nakuru inalijua hilo kwa uchungu. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na maji ya ghafla mwezi Aprili 2012, na tarehe 1 Septemba 2019 watu wengine saba wakafa katika korongo lilo hilo. Ardhi ya huko si ya Elgon, lakini kanuni ya maji haibadiliki: yanayoua huweza kuwa yamenyesha mahali ambapo wewe hukuona hata wingu.

Kwa hiyo, hata katika kiangazi, napendekeza watu wazoee kuusoma ukingo kabla ya kushusha mizigo. Tazama vichaka vilivyo kando ya maji. Ukiona vijiti vikavu, nyasi zilizosokotana na vipande vya mifuko ya nailoni vimenasa kwenye matawi, hicho ndicho kimo ambacho mto ulifikia mara ya mwisho ulipofura, na mara nyingi huwa ni juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Mchanga laini ulio tambarare, ule unaopendeza kwa hema na kwa picha, uliletwa hapo na maji, nayo yatarudi kuuchukua. Mto ukianza kubadilika rangi kuwa kahawia, au ukileta majani na vijiti ambavyo havikuwepo saa moja iliyopita, usikae kujadiliana. Ondoka, panda juu.

Hata pasipo mafuriko, ukingoni si mahali pa kulala. Hewa ya baridi huteremka usiku na kujikusanya bondeni, hivyo mtu aliye mita chache juu ya mto huamka na joto kuliko aliye chini. Nyati hufuata njia zao kwenda kunywa, wala hawajui kwamba umelipia. Tena, mlio wa maji tunaousifu sana kwenye picha hufunika sauti nyingine zote, pamoja na ya mwenzako anayekuita akiwa na shida. Kaa kando ya mto mchana, upike na kuogelesha miguu, lakini usiku panda juu.

Saa nayo ina uzito kama mwezi. Mvua za huku hupenda kuanza baada ya adhuhuri, joto la mchana linapoinua unyevu na upepo wa ziwani kuusukuma hadi mlimani, kwa hiyo hema linapaswa kuwa limesimama kabla ya saa nane. Msafara wa Kisumu unaokubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri huwa bado uko Kondele, mtaa wa hapa hapa mjini, saa mbili, mtu mmoja akitafuta chaja na mwingine akisema yuko njiani ilhali yumo bafuni. Kisha kuna mafuta ya gari, nyama ya Kakamega, chai ya Webuye, na kufika Kitale jua likiwa limeinama. Barabara ya lami itakufikisha Endebess bila taabu, lakini kuelekea lango la Chorlim na ndani ya hifadhi ni udongo, ambao ukilowa huwa kama sabuni na hauheshimu dereva yeyote. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na malipo ni ya mtandaoni, si ya noti, hivyo ni vyema yamalizwe nyumbani penye intaneti ya uhakika.

Kuhusu banda au hema, msimamo wangu hauwafurahishi vijana. Familia yenye watoto, au kundi ambalo halijawahi kulala nje, likodi mabanda ya Kapkuro karibu na lango, lipate kuta za mawe na paa, na mahema yabaki kwa wale wanaojua kuyafunga gizani. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya bahari, na joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kambi iliyo kwenye mita 3,500 itakuwa na baridi zaidi ya Kisumu kwa nyuzi 14 au 15, jambo ambalo blanketi moja la Kisumu haliwezi kulitatua. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, na maharage yatakutazama mpaka gesi iishe. Yachemsheni nyumbani. Omena na mchele hazina shida.

Kuna wanaosema kwamba mvua ikiwakuta watajificha kwenye mapango, kwa kuwa Elgon ina mengi na Kitum ndilo mashuhuri kuliko yote. Silipendi wazo hilo. Tembo huingia Kitum usiku kuchimba chumvi kwenye kuta kwa pembe zao, na popo wa humo wanajulikana: wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua, wa 1980 na wa 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo kabla ya kuugua. Litembelee mchana, ukiwa na askari wa hifadhi, utazame na utoke.

Nakubali kwamba mvua ina uzuri wake. Maporomoko ya Nabuyole kule Webuye, ambayo ramani za zamani ziliyaita Broderick, huonekana vyema Nzoia ikiwa imejaa. Basi mwenye kiu ya maji ya Agosti aende Nabuyole kwa siku moja, asimame mbali na miamba yenye utelezi, kisha arudi kulala mjini.

Kwa wazazi, njia ipo. Kwa miaka ya karibuni likizo fupi ya katikati ya muhula wa kwanza imekuwa ikiangukia mwishoni mwa Februari, wakati mito ya Elgon iko chini na njia zimekauka. Ni siku chache tu, lakini zinatosha kwa usiku mbili bandani na mchana mmoja mzima wa kutembea. Mabanda ni machache na hujaa mapema, kwa hiyo mchango uanze kukusanywa Novemba, na asiyetoa kufikia Krismasi nafasi yake ipewe mwingine, hata kama ndiye mwenye mbuzi.