Ile voisi ya grupu la matanga, naeleza mwenyewe

Haya, najua wengi mshaisikia kwa shoga yangu wa Mtongwe. Anayesema nilikuwa nacheka mwongo, nilikuwa na hasira.

Mwanijua na siriz yangu ya daktari wa maiti wa Marekani, hiki ni kitabu cha ishirini na kitu, nimetoa 1,500, hela ya gesi hiyo. Zamani yule mama ukurasa wa tano kashavaa glavu, anapima joto la ini, anaangalia damu imetuama upande gani. Sasa hivi ukurasa wa 200 bado anagombana na mumewe na kupika pasta, maiti yamngoja kwenye friji. Halafu ati mtu kafa siku tatu chumba cha joto, anapatikana bado amekakamaa! Mwili waanza kukaza masaa mawili matatu, ukifika 12 ni ubao, siku mbili hivi ushalegea, na kwenye joto ndiyo mbio zaidi. Haya kanifunza nani kama si yeye mwenyewe?

Basi niko feri ya Likoni jioni, kitabu kwapani, nikamrushia shoga voisi. Nilidhani ni yeye. Kumbe jina la juu lilikuwa grupu la matanga la mtaa, mzee wetu wa nyumba ya pili, Mungu amrehemu, yuko mochari na twachanga apelekwe kwao Wundanyi.

Sasa sikilizeni nilichosema, neno kwa neno: "Huyu maiti kanichosha! Siku zote hizo kwenye friji hakuna anayefanya kazi, wanakula tu! Na pesa yangu nshatoa, nani atanirudishia? Tena nakwambia mkewe ndiye aliyeua, ngoja utaona."

Mkewe yumo kwenye grupu.

Nikaona tiki za buluu. Nikaona mweka hazina anaandika… kaacha… anaandika tena. Jasho. Nikabonyeza futa, simu yaniuliza, nifute kwa wote ama kwangu tu? Feri nayo ikagonga gati, mtu wa mkokoteni akanisukuma, kidole kikaenda "kwangu tu". Voisi ikapotea kwa simu yangu. Kwa watu 84 wengine iko sawa, na mimi ndiye pekee siwezi kuifuta wala kuisikiliza. (Msinitumie, asanteni, nishatumiwa mara sita.)

Mweka hazina alidhani "wanakula tu" ni yeye, akamwaga risiti zote za M-Pesa, mpaka ya mahamri ya kamati, na hapo vita vikahamia kwake, alhamdulillahi. Nikaenda kuomba radhi, nikachanga tena, mzee akazikwa vizuri.

Juzi mjane kaniita uani. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe yuwataka kitabu. Jana kanipigia, yuko ukurasa wa 90, aniuliza kwa hasira, "Mwanangu, mbona hawampasui?"

Na mwenye kile cha kabla ya hiki anirudishie, bibi ashakiulizia.