Kaburi lisilo na mwenyewe

Jumapili nilimpeleka mwanangu West Kennet, mkoa wa Wiltshire huku Uingereza, kuona kaburi la mawe lililojengwa takriban mwaka 3650 KK. Unaacha gari kando ya barabara, unakata mashamba, unapanda kilima kidogo, umefika. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna mlinzi wa kuachiwa ya soda. Tuta lenyewe lina urefu wa kama mita 100, ila mahali pa kuingia ni ncha moja tu: unapita nyuma ya majabali yanayonizidi kimo, unakuta ujia mwembamba na vyumba vitano. Ndani kuna baridi ya pangoni. Kwenye kona moja mtu alikuwa ameacha maua ya porini na kipande cha mshumaa.

"Baba, hawa ni babu zake nani?"

Nilikosa la kumjibu. Waliochimba mwaka 1859, na tena 1955 na 1956, walikuta mifupa ya watu wengi, wakubwa kwa watoto, lakini baadhi ya mafuvu na mifupa mirefu haikuwepo. Inadhaniwa walio hai waliichukua kwa mila zao. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu wa Kibosho, kwetu Uchagani, Kilimanjaro, alitusimulia hayo hayo: zamani mzee alizikwa, baadaye fuvu likafukuliwa na kuwekwa kwenye masale, mimea tunayoiheshimu, pale pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Sisi tukafundishwa kwamba huo ni ushenzi. Huku wameuwekea kibao cha maelezo.

Watanzania wenzangu husema Wazungu wanajua kutunza vya kale, sisi hatujui. Nakubali nusu. Kwetu nimeona masale yaking'olewa kupisha ukuta wa matofali, na roho iliniuma. Lakini marehemu usiyemjua hana usumbufu, unamfyekea nyasi tu basi. Wa kwetu wanadai. Panda Moshi Desemba usipite kaburini uone shangazi atakavyokuuliza mbele ya watu. Babu amelala kati ya migomba na mibuni, na hadi leo kaka zangu hawajaelewana kama awekewe vigae au aachwe na udongo wake. (Mimi huchangia pande zote mbili, nipate amani.)

Tukiwa garini mwanangu akataka majina ya babu zake. Nilifika wa tatu nikakwama. Nikampigia shangazi, akamtajia hadi wa saba bila kuvuta pumzi, kisha akauliza hela ya kupalilia naituma lini.