Rachmaninoff alipopiga bila hadhira

Desemba 1940, Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano Mrusi, aliketi kwenye piano kumpigia Eugene Ormandy, kiongozi wa Okestra ya Philadelphia, kazi yake mpya ya okestra yenye ngoma tatu za kucheza, Ngoma za Kisimfoni. Ormandy alikuwa anajiandaa kuizindua Januari 3, 1941. Kikao kile kikanaswa kwenye santuri, zikakaa kimya miaka mingi, hadi mwaka 2018 zikatolewa hadharani. Mtunzi hakuwahi kuirekodi kazi hiyo studio. Hiki ndicho tulichonacho, nami nakipenda kuliko rekodi zake zote safi.

Hapigi kama mtu wa jukwaani. Anaruka vipande, anarudi nyuma, na mara unasikia sauti yake mwenyewe, kwani vidole kumi haviwezi kubeba okestra nzima. Santuri zinakwaruza. Vumilia.

Juu ya ngoma ya kwanza aliandika maneno mawili ya Kiitaliano, “Non allegro”, yaani isiwe ya haraka. Umeambiwa usifanye nini. Ufanye nini, hujaambiwa. Viongozi wa okestra wamelihangaikia agizo hilo, na wengi huishia kuipiga ngoma ile kwa mwendo mmoja mzito, kama gwaride. Msikilize mtunzi mwenyewe sasa: mwendo anaukaza, anaulegeza, anaupa pumzi, kama msimulizi anayejua wapi watu watasogea karibu. Hayo hayaandikiki kwenye nota. Angeyaandikaje?

Sisemi mtunzi afuatwe kwa kila kitu. Konseto yake ya Tatu, ya piano na okestra, aliirekodi mwaka 1939 na 1940, na Ormandy huyohuyo, akiwa ameikata sehemu kadhaa. Wapiga piano wa leo huipiga nzima, na naona wako sahihi: kazi ile inastahili urefu wake. Rekodi ya mtunzi kwangu ni ushahidi wa siku moja, wa mtu mmoja anayeijua kazi kwa ndani. Ushahidi husikilizwa kwanza, ndipo ukapimwa.

Linalonisumbua ni jingine. Rachmaninoff alikataa tamasha zake zirushwe redioni; hakutaka sauti yake imponyoke mikononi. Siku ile alikuwa akimpigia Ormandy, si mimi. Kila ninapoiweka rekodi ile najihisi nimesimama mlangoni pa chumba nisichoalikwa. Na bado naiweka, usiku, taa zimezimwa, nikingoja pale anapoacha piano na kuanza kuimba.