Atakayepaa Hatadai Barabara

Tukikaa Watanzania hapa Stuttgart, mada ya magari yanayopaa haimalizi dakika mbili. Nikipiga simu Dar, haiishi. Sababu naijua. Huku mtu anashuka ngazi, anatembea kidogo, anapanda treni ya mjini, kafika kazini. Si kwamba hawa jamaa ni malaika. Treni zinachelewa sana, na stesheni kuu mpya ya mji huu ilianza kujengwa 2010 lakini miaka kumi na tano baadaye bado ilikuwa haijafunguliwa. Lakini uchelewaji wa huku ni wa kununa robo saa na kuangalia simu. Haumfanyi mtu atamani mabawa.

Dar ni habari nyingine. Shemeji yangu anakaa Goba, ofisi yake iko Posta. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, si kwa sababu kazi inaanza mapema, bali kwa sababu akichelewa kidogo tu atafika mjini jua limeshapanda na bosi keshanuna. Akifika anaegesha, analaza kiti, anavuta usingizi ndani ya gari mpaka ofisi zifunguliwe. Huyo ndiye anayenirushia video za magari ya kupaa kila wiki. "Shem, hili likifika bandarini, nakopa." Mtu wa namna hiyo akitamani kupaa, mimi simcheki.

Tatizo ni gari lenyewe. Chukua lile la Mslovakia Stefan Klein, ambalo ni gari kweli na linaruka kweli. Juni 2021 liliruka kutoka Nitra hadi Bratislava kwa dakika 35, likatua, likakunja mabawa, likaingia mjini kwa magurudumu. Januari 2022 likapewa cheti cha kuruka. Injini yake ni ya BMW, inakunywa petroli ya kawaida. Mpaka hapo shemeji anapiga makofi. Sasa: linahitaji barabara ya ndege ili lipae. Kutoka Goba itabidi ateremke hadi uwanja wa Nyerere, maana yake Ubungo, Buguruni, Tazara, yaani foleni aliyotaka kuiruka ataimaliza yote kwa magurudumu kabla hajapaa. Na Posta atatua wapi? Atazunguka juu ya bahari, ataipungia mkono Kigamboni, atarudi kutua palepale uwanjani Kipawa. Halafu aanze upya safari ya kwenda kazini.

Ndiyo maana wengine wakaja na vile vyombo vya umeme vinavyoinuka wima kama helikopta. Hapa hapa Stuttgart, Septemba 2019, kampuni ya Volocopter ilirusha kimoja mbele ya umati karibu na makumbusho ya Mercedes-Benz, panga 18 juu ya kibanda cha watu wawili. Kiliruka dakika chache, watu wakashangilia. Wakasema kwenye Olimpiki ya Paris 2024 watabeba abiria. Hawakubeba. Desemba mwaka huohuo wakatangaza ufilisi, na wenzao wa Lilium, kule karibu na Munich, walikuwa wameshatangulia miezi michache nyuma. Hii ni Ujerumani, wenye mabenki na wahandisi wa kumwaga.

Kinachowakwamisha ni betri. Kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri za leo. Hata ukitoa ile inayopotea kama joto kwenye injini, pengo bado ni kubwa. Barabarani uzito wa betri unabebwa na matairi, lakini angani unabebwa na betri yenyewe, na kuelea wima ndiko kunakoitafuna kuliko kitu kingine. Wamarekani wa kampuni ya Alef wametangaza gari lao la umeme la kupaa kwa dola 300,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 700, kabla mtu wa ushuru hajakohoa.

Tuseme umezipata, ukalinunua. Likiharibika je? Mwaka 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz mvumbuzi wa gari, alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akaendesha na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, karibu kilomita mia. Mrija wa mafuta ulipoziba akauzibua kwa pini ya kofia, breki zilipolika fundi viatu akampigilia ngozi, na mafuta akanunua duka la dawa. Gari liliishinda dunia kwa sababu hiyo: likikufia njiani, mtu yeyote mwenye akili na waya anaweza kukufikisha. Dar tumelifikisha jambo hili kwenye usanii. Nimepanda teksi ambayo taa ya injini ilikuwa inawaka, dereva akaibandika kipande cha solotepu nyeusi ili isimsumbue usiku. Na tulifika. Sasa lipandishe gari hilo mita mia tatu juu ya Manzese. Spea utaitafuta Gerezani, fundi atakuambia "mkuu, hii ya ndege na hii ya Noah ni zilezile", nawe utakuwa na haraka, utamwamini.

Kunguru wa Dar sitawazungumzia. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, leo mji ni wao, na hawajawahi kumpisha mtu.

Lakini yote haya fundi na mwanasayansi wanaweza kuyatatua siku moja. Linalonikera mimi ni nani atakuwa juu na nani atabaki chini. Tumeshaliona kwenye umeme na maji. Ukikatika umeme, nyumba kubwa za Masaki jenereta zinanguruma. Maji yakikata, wao wana visima. Hawana shida, kwa hiyo hawana kelele, na kelele za watu wa Mbagala hazifiki mbali. Barabara ndiyo karibu sehemu pekee ambapo mkurugenzi mwenye V8 na muuza mihogo aliye kwenye daladala wanaungua jua lilelile pale Mwenge. Wenye misafara na ving'ora wanatupita, najua, ila hao ni wachache. Mkurugenzi akiungua, anapiga simu. Siwezi kuthibitisha kwamba daraja la Mfugale pale Tazara la 2018 au lile la Kijazi pale Ubungo la 2021 yalitokana na simu hizo, lakini mpe mkurugenzi chombo cha kumrusha Mbezi Beach hadi Posta kwa dakika kumi uone kama atakumbuka kuwa mwendokasi umejaa hadi milango haifungi, au kwamba Jangwani mvua ikinyesha hapapitiki.

Nikiulizwa huku ughaibuni nimependa nini, si magari yao. Nimependa kumkuta daktari na mfagiaji kwenye behewa moja, wote wamenuna treni imechelewa. Treni yetu ya umeme ya Dar hadi Dodoma, tangu ilipoanza 2024, imeanza kuwa hivyo, na ndugu zangu wanaisifia kuliko kitu chochote nilichowahi kuwaletea.

Chombo cha kupaa nakitaka mahali pamoja. Mama mjamzito aliyeko Mafia, uchungu umeharibika usiku, bahari imechafuka na Muhimbili iko ng'ambo ya maji. Hapo chombo kinachoinuka kutoka uwanja wa mpira bila kuhitaji barabara ya ndege kina kazi ya kweli. Kiwe cha serikali, kiwe na rubani aliyesomea na fundi wa kulipwa mshahara, hata kikigharimu hizo milioni 700. Shemeji nimemwambia hivyo juzi. Kakubali, ila kauliza kama siku ambazo hakuna mgonjwa kinaweza kupitia Goba.