Difu au Krauni na Pinioni: Pesa ya Kwanza Iende Wapi?

Majuzi, kwenye gereji moja ya Ngamiani hapa Tanga, niliikuta Toyota Altezza ikiwa juu ya stendi, propela imeshafunguliwa. Mwenyewe ni kijana ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisaidia magari ya rali ya watu wengine, na sasa anataka kukimbiza la kwake: kwanza kwenye njia za mashamba ya mkonge upande wa Muheza, na baadaye, Mungu akijalia, kwenye saketi ya lami nje ya nchi. Pesa yake inatosha kununua kitu kimoja tu. Fundi alimwambia, "Mdogo wangu, nunua difu ya LSD, mengine yatafuata." LSD ni difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Rafiki yake akapinga: "Weka krauni na pinioni ya 4.8, uone gari litakavyoondoka." Waliongea mpaka adhana ya alasiri, na hawakukubaliana.

Mimi naona wote wawili walishika ukweli, ila hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Na kwa gari lile, nani atangulie ni jambo linaloweza kuamuliwa kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na difu yenyewe. Gari likikata kona, tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo ni lazima kuwe na kitu kinachoruhusu kila moja lizunguke kwa kasi yake. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni kifaa cha kazi hiyo mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, na difu ya kawaida ya leo bado inafuata wazo lilelile. Ubaya wake ni mmoja: hugawa nguvu sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo upande wenye mshiko hauwezi kupata zaidi ya kile ambacho upande dhaifu unakishika. Kwenye kona kali uzito huegemea matairi ya nje, la ndani linabaki jepesi, unakanyaga mafuta, la ndani linazunguka bure, na gari haliendi popote. Injini inalia, moshi wa tairi unapanda, na sekunde zinapotea.

Tatizo hili liliwasumbua hata wakubwa. Magari ya mbio ya Auto Union aliyoyasanifu Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930 yalikuwa na nguvu nyingi kuliko matairi yake yalivyoweza kuzishika, na mwaka 1935 kampuni ya ZF ya Ujerumani ikapewa kazi ya kutengeneza dawa yake: difu inayozuia tairi moja kukimbia peke yake. LSD za leo zinafuata wazo hilohilo.

Sasa hoja ya rafiki, ambayo si ya kupuuza. Krauni na pinioni ndiyo gia ya mwisho kabla nguvu haijafika kwenye shafti za matairi. Ukihesabu meno 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, una 4.1, kama gari hili. Ukiweka 4.8, nguvu ya kusokota inayofika kwenye matairi inaongezeka kwa asilimia 17 katika kila gia, bila kugusa injini. Na injini ya gari hili inaihitaji kweli. Ile 3S-GE ya Altezza ya manual hutoa nguvu farasi 210, lakini kilele chake kiko kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini ya 4,000 imelala.

Chukua kona ya shambani, ile ya kugeuka ghafla mwishoni mwa safu ya mkonge, unayoipita kwa kilomita 45 kwa saa. Kwa matairi ya 215/45R17, ambayo mzingo wake ni karibu mita 1.96, na gia ya pili yenye uwiano wa 2.2 hivi, ukiwa na 4.1 unatoka kwenye kona hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,450. Ukiwa na 4.8 iko kwenye 4,030. Kwa injini ya namna hii hiyo ni tofauti ya kulala na kuamka, na dereva ataihisi mgongoni. Ndiyo maana kila anayeweka gia fupi, yaani yenye namba kubwa, hurudi akitabasamu.

Lakini endelea na mahesabu, usiishie kwenye kona moja. Tuseme gia ya tatu ni 1.5 na ya nne ni 1.2, na unabadilisha kwenye mizunguko 7,000. Kwa 4.1, gia ya tatu inakupeleka mpaka kilomita 134 kwa saa. Kwa 4.8 inaishia 114, na hapo ni lazima uingie ya nne. Zidisha sasa: ya nne kwa 4.8 ni 5.76, wakati mwenzako wa 4.1 bado yuko kwenye ya tatu na ana 6.15. Yaani kati ya kilomita 114 na 134, yule mwenye gia "ya nguvu" anasukumwa kwa nguvu ndogo kuliko yule ambaye hakununua kitu, na juu ya hapo ameshapoteza muda wa kukanyaga klachi mara moja zaidi. Jambo hili halisemwi kwenye maduka ya spea, na ndilo linaloamua kama umepata faida au umehamisha faida kutoka sehemu moja ya njia kwenda nyingine.

Kwenye lami pana linauma zaidi. Saketi kama Kyalami ya Afrika Kusini, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4.5, ina sehemu ndefu za kufungua mafuta na mteremko mkali unaoliongezea gari kasi. Kwenye gia yenye uwiano wa 1 kwa 1, 4.1 inakupa karibu kilomita 201 kwa saa kwenye mizunguko 7,000, 4.3, iliyo katikati, inakupa 192, 4.8 inakupa 172. Kijana anayetaka kufika huko siku moja anapaswa kuziangalia namba hizo leo, kabla hajalipa.

Kuna jambo lingine ambalo rafiki hakulitaja. Asilimia 17 zile zinakwenda wapi kama difu ni ya kawaida? Zinakwenda kwenye tairi la ndani lililokuwa tayari linazunguka bure. Gia fupi haiponyi ugonjwa huo, inauzidisha. Hapa ndipo fundi aliponivuta upande wake.

Hata hivyo neno "LSD" peke yake halitoshi, maana kuna aina, na njia zetu huku zinachagua. Ya gia za mshazari, kama Torsen, ambayo Mmarekani Vernon Gleasman aliipatia hataza mwaka 1958, haina sahani za kusuguana, haihitaji matengenezo ya mara kwa mara, na ni laini mno mkononi. Hufanya kazi kwa kuzidisha: upande wenye mshiko hupata mara kadhaa ya kile ambacho upande dhaifu unaweza kukibeba. Kwenye lami ni raha tupu, na kwa magari yanayovuta kwa mbele ndiyo ningeichagua bila kusita, kwa sababu haivuti sana usukani. Shida ni pale tairi linaponyanyuka kabisa. Mshiko ukiwa sifuri, mara tatu ya sifuri ni sifuri. Na njia za mkonge zina mifereji, zina makorongo baada ya masika, matairi hunyanyuka kila mara. Dereva mzoefu ataigusa breki kidogo huku amekanyaga mafuta ili kuidanganya, lakini hilo ni somo la pili kwa mtu ambaye bado anajifunza la kwanza.

Ya sahani hubana kwa msuguano, na ina mkazo wa mwanzo uliowekwa tangu kufungwa, kwa hiyo hata tairi moja likiwa hewani la pili bado linasukuma. Ile inayoitwa njia moja hubana ukikanyaga mafuta tu. Ya njia mbili hubana hata ukiachia. Ya njia moja na nusu iko katikati, hubana sana ukikanyaga na kidogo ukiachia. Kwa vumbi la kwetu, na kwa dereva mpya, ya moja na nusu ndiyo inayosamehe. Gharama yake ni kelele ukiwa unaegesha, oili maalumu ya difu yenye dawa ya LSD, na kufunguliwa kubadilishwa sahani zikiisha. Mwenye kutaka kitu cha kufunga na kusahau, hii si yake.

Na wapo wanaochomelea difu. Naelewa kwa nini: ni bei ya umeme na vijiti vya kuchomelea. Kwenye udongo mkavu gari linakwenda, sikatai. Lakini gari hilohilo linarudi mjini kwa barabara, na mvua ikinyesha kwenye mzunguko wa barabara, matairi mawili yaliyolazimishwa kwenda sawa yanautupa mkia bila taarifa. Sitamshauri mtoto wa mtu afanye hivyo kwenye gari lenye namba za barabarani.

Kwa wenye Subaru Impreza, na Tanga tunao wengi, neno moja la tahadhari. Zipo zenye 4.11 na zipo zenye 4.44, na difu ya nyuma inafanana kwa macho. Ukifunga nyuma 4.11 wakati mbele ni 4.44, magurudumu yanapigana muda wote na kinachochomeka ni difu ya katikati. Kwa gari la kuvuta miguu yote, kubadilisha gia ya mwisho ni kubadilisha mbele na nyuma, na ya mbele iko ndani ya giaboksi. Gharama si ile uliyoambiwa dukani.

Nirudi kwa rafiki, maana ana hoja moja nzito kuliko zote, na aliisema mwishoni kabisa: difu ikishafunguliwa, kwa nini ifunguliwe mara mbili? Ni kweli. Kuweka LSD au kuweka krauni mpya, sehemu kubwa ya kazi ni ileile: kupanga shimu, yaani vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi, kupima mkazo wa pinioni, kupima uhuru kati ya meno, ambao kwa difu nyingi za Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, na kupaka rangi kwenye meno kuona yanagusana wapi. Kazi hiyo haipimwi kwa kutikisa kwa mkono, inataka geji. Miaka iliyopita niliuziwa seti ambayo krauni ilikuwa na namba yake na pinioni namba yake, zisizolingana. Sikujua kwamba vipande hivyo husuguliwa pamoja kiwandani na huoana kwa maisha. Kilianza kilio chembamba kwenye kilomita 60 kwa saa, na kabla ya kilomita 1,000 meno yalikuwa yameliwa. Tangu siku hiyo sinunui mpaka nimesoma namba zote mbili kwa macho yangu, na meno mapya nayatembeza taratibu kilomita 800 za mwanzo, kisha namwaga oili.

Kwa hiyo kama pesa ingetosha vitu viwili, ningesema vifungwe siku moja, LSD ya sahani pamoja na 4.3. Si 4.8. Gari hili litakwenda pia Dar es Salaam na kurudi, na kwenye kilomita 100 kwa saa gia ya juu ya 0.87 ingepanda kutoka mizunguko 3,000 hadi 3,500, safari nzima. Na kwa magari ambayo kipimo cha mwendo kinasoma kwenye giaboksi, ukienda 80 dashibodi itakuonyesha karibu 94.

Pesa ni ya kitu kimoja, hata hivyo. Kwa kigari cha lita 1.5 chenye nguvu farasi 100, ambacho hakiwezi kulitelezesha tairi hata ukikibembeleza, ningekuwa upande wa rafiki bila wasiwasi: gia kwanza. Kwa Altezza ya farasi 210 yenye alama za tairi la ndani kila kona, ni difu.

Na ladha ya 4.3 anaweza kuionja bila kununua gia. Matairi ya 195/55R15 ni mafupi kwa asilimia 5 kuliko yale ya 17, karibu sawasawa na kutoka 4.1 kwenda 4.3. Aazime rimu za inchi 15 kwanza, azijaribu kwenye kaliperi za breki za mbele, maana huenda zikagusa, na akumbuke gari litashuka milimita 15 kuelekea kwenye mawe. Zikiingia, akimbie siku moja, na mtu akae kiti cha abiria na daftari, aandike kila kona: gia gani, mizunguko mingapi wakati wa kutoka. Nimeshamwambia kijana nitakikalia kiti hicho mimi mwenyewe.