Kazi 21, nyuzi 4

Kidole cha shahada cha shemeji yangu kina nyuzi nne. Alishonwa zahanati, mjini Morogoro, saa tatu usiku, baada ya kumteremsha kutoka mlimani kwa bodaboda, mvua inanyesha, mkono kaunyanyua juu kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Muuguzi anamfunga bandeji, jasho linamtoka, na bwana huyu ananigeukia: "Lakini shem, kisu ni kizuri. Kina kazi 21."

Nilinyamaza pale kwa heshima ya dada yangu. Hapa sinyamazi.

Tulikuwa tumepiga kambi Uluguru, juu kidogo ya Morningside, watu sita na mahema matatu. Mchana kutwa shemeji alikuwa anamwonyesha kila mtu kisu chake, hadi mzee mmoja aliyekuwa anateremsha karoti zake mjini, kasimamishwa njiani na mzigo kichwani aangalie maonyesho. Mpini mwekundu, msalaba mweupe, unene wa tofali la sabuni. Akavitoa kimoja kimoja: mkasi, tupa ya kucha, kijiti cha meno, lenzi, kijiko, kitu kama ndoana ambacho mwenyewe hakujua ni cha nini. Mzee akauliza, "Na kinakata?" Tukacheka. Tungemsikiliza yule mzee.

Kisu chenyewe alikinunua Kariakoo kwa kijana anayetembeza vitu mkononi. Kilianzia elfu thelathini kikaishia kumi na tano, na ninavyomjua, ile furaha ya kupunguziwa ndiyo iliyomsahaulisha kukikagua.

Jioni tukataka maji ya kunawa. Mnalijua lile bomba la dumu: unatoboa tundu dogo karibu na kitako, unachomeka kijiti, ukitaka maji unachomoa. Shemeji akasema niachieni mimi. Akalilaza dumu la lita tano mapajani, akasimamisha ncha ya kisu kwenye plastiki, akaegemea. Ncha ikazama kama nusu sentimita, ikanasa. Akaanza kuuzungusha mpini ili tundu lipanuke. Kisu kikabaki palepale kwenye dumu, mpini ukaendelea na safari. Kikajikunja, kama kilivyoundwa kujikunja, na kati ya kisu na mpini palikuwa na kidole cha mtu. Hakupiga hata kelele. Aliduwaa tu anatazama dumu, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema, halafu damu ikaanza kushuka juu ya nembo ya mafuta ya kula.

Nilichana ncha ya kanga yangu kwa meno. Sikutaka kugusa kisu cha mtu yeyote wakati huo.

Sasa nisikilizeni. Kile kisu hakikuwa na loki, yaani kile kidude kinachokizuia kisijikunje kikishafunguka. Kilikuwa kimesimama kwa nguvu ya springi ya mgongoni tu, na springi haijui kama unakunja kisu ili ukalale au unakikunja bila kutaka. Ukiisukuma inatii. Unapokata mkate hakuna tatizo, kwa sababu nguvu ya mkono wako yenyewe inayasukuma makali yabaki wazi. Balaa linaanza pale unapochoma kwa ncha, unapotoboa, unapokinasua kilipokwama kwenye kuni. Haya niambieni, kambini tunafanya nini kutwa kama si hayo? Nani aliwahi kwenda Uluguru kukata mkate vipande sawasawa?

Kwa hiyo nikisikia mtu anachagua kisu kikubwa cha kambi kwa kuhesabu vifaa, nachoka. Kina kazi ngapi? Kumi na tano. Changu 21. Jamaa yangu ana cha 33. Hii ni hesabu ya kuuzia, si ya kutumia. Na usipoangalia, utakuta ncha ya bisibisi imehesabiwa peke yake, kishimo cha kukwangulia waya pembeni mwake kimehesabiwa peke yake, na pete ya kuningʼinizia funguo nayo imo. Pete ni kazi! Wenger, wale watengeneza visu wa Uswisi, wa pili baada ya Victorinox, waliwahi kutengeneza dude la vifaa 87 na kazi 141, likaingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Lina uzito wa kilo moja na ushei. Hilo si kisu tena, ni kabati. Wenyewe walijua ni la kujionyesha, lakini sisi huku tumelifanya ndoto.

Waswisi hao hao walianza vipi? Kisu cha kwanza cha askari wao, modeli ya 1890, kilikuwa na vitu vinne. Vinne! Kisu, kitoboleo, kifungua kopo, na bisibisi, kwa sababu bunduki yao mpya ilihitaji bisibisi kuifungua na chakula kilikuwa kinakuja kwenye makopo. Karl Elsener, ambaye kiwanda chake ndicho kilichokuja kuitwa Victorinox, alianza kuwauzia jeshi mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa chenye kisu kidogo cha pili na kizibuo cha mvinyo. Askari wa kawaida kizibuo hakupewa. Mvinyo wa wakubwa, makopo ya wadogo, mnaona dunia haijabadilika sana.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, 2008, jeshi hilo likachagua kisu kipya. Kikubwa, milimita 111 kikiwa kimekunjwa. Mngetegemea wameongeza nini? Lenzi? Kijiko? Wameongeza msumeno wa mbao, kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja, na loki. Najua kuna atakayesema jeshi lenyewe halijapigana vita vya nje tangu enzi za Napoleon. Sawa. Hata hivyo vidole vyao vipo, na cha shemeji yangu kilibaki kidogo kiende.

Loki zenyewe ziko za namna nyingi na sina ugomvi na yoyote mradi inashika. Iliyozoeleka kwenye hivi vya vifaa vingi ni ile ya bamba jembamba ndani ya mpini: ukifungua kisu, bamba linaruka na kukaa nyuma ya shina lake, tak, na hakirudi mpaka ulisogeze pembeni kwa dole gumba. Nyingine inabonyezwa mgongoni. Wafaransa wa Opinel, tangu 1955, wana pete ya chuma shingoni unayoizungusha, kitu rahisi mno hata mtoto anakielewa, ingawa mpini wao wa mti ukilowa unavimba na kisu kinagoma kufunguka. Na Opinel ya kawaida ni kisu tu, haina kifungua kopo, kwa hiyo leo tuiache.

Nilipoenda kununua changu, duka moja Dar, muuzaji alinitazama juu mpaka chini akasema, "Dada, visu vya jikoni viko upande ule." Nikamwambia, kaka, naona, nataka cha kambi, chenye loki. Akanitolea cha rangi ya waridi. Nikavumilia. Nikamwomba viwili vya milimita 111, nikafungua cha kwanza mpaka nikasikia tak, nikaweka vidole mbali na njia ya makali, nikagonga mgongo wake kwenye ukingo wa meza, taratibu, mara tatu. Pigo la pili kikalegea. Kikajikunja kivivu, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Muuzaji akasema, "Hicho ni kipya, kitakaza." Kaka yangu, ni kitu gani cha chuma kinachokaza chenyewe kwa kutumiwa? Nikachukua cha pili, nikakigonga, kikasimama. Nikakishika ncha nikakitikisa kushoto na kulia: kimya. Nikakiinua kwenye mwanga wa mlangoni nikatazama kati ya vifaa: kila kimoja kimekaa mahali pake, hakuna kinachomkwaruza mwenzake. Halafu nikajaribu kukikunja kwa dole gumba langu mwenyewe, kwa sababu loki inayomhitaji mwanamume wa kuifungua haina maana kwangu. Ilichukua dakika tano na muuzaji alikuwa ameshaninunia. Ndicho ninacho mpaka leo.

Na hapa ndipo ukubwa unapoingia, maana watu wanachanganya kikubwa na kinene. Kikubwa ni urefu: mpini unajaa kiganjani, kisu kinapita upande wa pili wa kabichi, mkono ukilowa au ukiwa na mafuta ya kuku bado una pa kushika. Kinene ni tabaka za vifaa. Kila kitu kinachoongezwa kinataka nafasi yake, mpini unatanuka, mpaka unashika kitu kama gunzi la hindi na huwezi hata kukielekeza vizuri. Victorinox wenyewe wana SwissChamp, kazi 33, milimita 91, gramu 185. Kimetengenezwa vizuri, sikatai. Kitie kwenye mfuko wa suruali upande mlima Lupanga, ukirudi uniambie paja linasemaje.

Msumeno? Chukua. Unakata ukivuta, unamaliza tawi kavu la unene wa mkono wa mtoto bila kelele za panga. Tawi kavu, nimesema.

Kizibuo cha mvinyo sikipendi kwa sababu za hapo juu, ila nakiri kinafungua fundo la kamba iliyolowa kuliko meno. Rangi ya mpini: chochote kisicho kijani. Kikianguka kwenye nyasi utanikumbuka.

Mkasi. Hapa inanibidi nimeze maneno yangu. Kwa miaka niliucheka, nikisema mkasi kambini ni wa watu wanaokwenda kukata kucha. Usiku ule, tunamfunga shemeji kidole gizani, plasta ya kukata hakuna aliyeweza kuikata kwa kisu bila mikono kumtetemeka. Kilichotuokoa ni mkasi wa kile kisu chake cha kazi 21. Ulikuwa unakata, tena vizuri. Sijamwambia.

Plaizi nayo ina wakili mzuri. Tim Leatherman, Mmarekani, alizunguka Ulaya mwaka 1975 na gari bovu aina ya Fiat na kisu cha skauti mfukoni, kila linapoharibika anajilaumu kwa kukosa plaizi. Akarudi kwao akahangaika miaka mpaka 1983 ndipo akauza yake ya kwanza, plaizi ya kukunja yenye kisu ndani. Kwa mtu wa gari, pikipiki au mtungi wa gesi, ana hoja na sibishani naye. Mimi natembea kwa miguu, na sufuria ya moto naiepua kwa kanga.

Baba yangu, nilipomwonyesha changu, aliuliza bei, akanyamaza, akasema kwa hela hiyo angenunua panga mbili na jiwe la kunolea na chenji ya nauli. Ni kweli. Kijijini panga inachimba, inapasua kuni, inamenya nazi, inakata kuku, na haijikunji. Ila jaribu kukata kitunguu kwa panga ndani ya hema, usiku, watu watatu wamelala miguu huku na huku.

Na loki nayo si hirizi. Mchanga ukiingia kwenye maungio bamba halifiki mahali pake, unadhani kimekaza kumbe hakijakaza. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, ukikunje na kukikunjua humohumo majini, ukikaushe, tone moja la mafuta ya cherehani. Si ya kupikia, yanaganda na kunata. Walioko Uingereza ndio nawahurumia: kule sheria inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, kisicho na loki, na chenye loki uwe na sababu ya maana ukiulizwa. Nyie kitoeni mkiwa kambini, safarini kikae chini ya begi. Na uwanja wa ndege kiende kwenye mzigo mkubwa. Usimwachie afisa zawadi.

Nyuzi zilitolewa wiki iliyopita. Kidole kinakunjika, ingawa anasema ncha yake bado ina ganzi na dada yangu ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Nikampelekea ujumbe mrefu, picha ya loki ya kisu changu, mshale mwekundu unaonyesha bamba, na maelezo ya kugonga mezani. Akajibu baada ya siku mbili, na picha yake kutoka Kariakoo: mpini mweusi safari hii, mnene kuliko ule.

"Shem, hiki kina 27. Kina na tochi."

Nikamuuliza, kina loki?

"Loki ya nini tena? Kwani nafunga duka?"